Kabla hujamfukuza fundi, pima kazi kwanza

Kuna neno moja linaharibu ujenzi wa watu wengi hapa Moshi nalo ni "tutaelewana". Mi nililisema mara 2 kwenye nyumba yangu ya Msaranga, na mara zote 2 nililipia. Naandika hii kwa ajili ya yeyote ambaye sasa hivi amegombana na fundi wake na ana hasira, anataka amtoe saiti leo leo aweke mwingine. Tafadhali soma kwanza.

Ilikuwa 2019, nyumba ya vyumba vitatu. Mi nanunua vifaa, fundi analeta mikono yake na vijana wake. Tukakubaliana ufundi milioni 6 mpaka kupaua: milioni 1 na nusu msingi na jamvi (sakafu ya zege juu ya msingi), milioni 2 na nusu tofali mpaka linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) imwagwe, milioni 2 zilizobaki kozi (mistari ya tofali) za juu na paa. Tuliandika karatasi moja, tukasaini, mjumbe akashuhudia. Nikajiona nimemaliza mambo ya sheria.

Sasa wanaoijua Msaranga wanajua viwanja vingine vimelala kuelekea chini. Kuchimba tu msingi, fundi akaniita akanionyesha, mama huku chini lazima tuongeze kozi 3 la sivyo jamvi halitalala sawa. Nikaona kweli. Nikamuuliza shilingi ngapi, akasema usijali mama, tutaelewana, na mi nikajibu haya tutaelewana. Baada ya mwezi hivi mi mwenyewe nikataka baraza mbele, haikuwepo kwenye ramani, nikamwambia weka, hela tutaelewana. Hapo ndo ugomvi ulizaliwa ila tulikuwa bado tunacheka na kunywa chai pamoja.

Ugomvi wenyewe ulitokea kwenye linta. Walimwaga zege Jumatano, mi nilikuwa kazini, narudi Jumamosi nakuta mirunda (miti inayoshikilia zege kwa chini) imeshatolewa, fomu (mbao za kuumbia zege) imefunguliwa, na juu ya dirisha la sebule ambalo ni pana, linta imeshuka katikati na ina ufa unaouona ukiwa umesimama getini. Siku 3 tu! Zege linahitaji siku 28 kufikia nguvu yake iliyokusudiwa, na mirunda ya chini ya uwazi mpana angalau wiki 2 isiguswe huku unamwagilia maji. Fundi akasema mbao zilikuwa za kuazima mwenyewe anazitaka. Nilipandwa na hasira aisee, nikamwambia palepale mbele ya vijana wake asikanyage tena kiwanja changu. Jumatatu fundi mwingine yuko saiti anavunja linta. Nikavunja, nikanunua simenti na nondo upya, nikalipa ufundi upya, jumla ikanitoka milioni 1 na laki 1.

Miezi minne baadaye nikaletewa wito wa Mahakama ya Mwanzo. Fundi ananidai milioni 2 na nusu. Nilifurahi kiukweli, nikajua huyu kajileta mwenyewe, nitamweleza hakimu habari ya linta na mimi nitadai milioni yangu na laki. Wakati ule mawakili walikuwa hawaruhusiwi kusimama Mahakama ya Mwanzo (sheria ilibadilishwa 2021, sasa wanaruhusiwa pale ambapo anayesikiliza ni hakimu mkazi) kwahiyo nilisimama mwenyewe, naye akasimama mwenyewe.

Kwanza alisema nimemlipa milioni 2 na laki 9 tu. Hapo ndipo nilipopata nafuu, maana hela zote nilikuwa namtumia kwa M-Pesa, sikuwahi kumpa mkononi hata ya nauli. Nikaenda kuomba taarifa ya miamala, wakanichapishia na kugonga muhuri, ikaonekana milioni 3 na laki 4. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii, meseji, WhatsApp, taarifa za miamala, usidhani ni mpaka uwe na risiti ya karatasi. Usifute hizo meseji, na ukibadilisha simu hakikisha zimehamia kwenye simu mpya.

Ila baada ya hapo nikaanza kushindwa. Hakimu akaniuliza, hiyo linta iliyoshuka iko wapi? Nimeivunja. Picha? Nilikuwa nayo moja, nimepiga kwa mbali, ufa hauonekani. Nani aliiona kabla haijavunjwa, mbali na wewe? Fundi mpya. Na huyo ndo uliyemlipa kuivunja na kuijenga upya? Ndiyo. Nikaona mwenyewe jibu langu lilivyo jepesi. Fundi wa kwanza yeye alikuja na vijana wake 2 na daftari, daftari la kawaida la shule, ameandika tarehe kwa tarehe walichofanya, kozi ngapi, mifuko mingapi ya simenti, siku gani mi nilifika na niliagiza nini. Kwenye hilo daftari kulikuwa na mstari unasema mama ameagiza baraza. Na ni kweli niliagiza, nisingeweza kusema uongo.

Mi nilidhani kwa kuwa hatukupanga bei ya baraza na zile kozi 3 basi hanidai. Sivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 70, mtu akikufanyia kazi halali bila nia ya kukufanyia bure, na wewe ukaifaidi, unatakiwa umfidie. Kwahiyo "tutaelewana" haimaanishi bure, ila maana yake halisi ni kwamba msipoelewana bei atapanga mtu mwingine. Bei ya siku ile, wakati fundi ana shida ya hela na anataka kazi iendelee, ingekuwa ndogo kuliko iliyokuja kupangwa mahakamani.

Hukumu ikatoka nimlipe laki 6 za hatua ya linta zilizobaki na laki 9 za kazi ya nyongeza, pamoja na gharama za kesi. Madai yangu ya linta yakatupwa kwa kukosa ushahidi. Nilikuwa na siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, nikakaa nikasoma nakala ya hukumu mara tatu, nikaona hakimu hakunionea, mi ndo sikupeleka kitu cha kumsaidia aniamini. Nikalipa. Linta ilikuwa mbovu kweli, mpaka leo nasema ilikuwa mbovu, lakini niliivunja kabla haijasemwa na mtu mwingine zaidi yangu.

Kwahiyo nikwambie nilichopaswa kufanya ile Jumamosi, na ndicho nilichofanya 2022 nilipojenga ukuta na vyumba vya uani na tukagombana tena na fundi mwingine (huyu alipotea wiki 3 na adivansi). Sikumwita fundi mpya. Nilimtumia meseji kwanza, nikaandika kwa adabu kabisa, kwamba fundi tangu tarehe fulani haujafika, Alhamisi saa 4 asubuhi tunapima kazi iliyofanyika, njoo, usipokuja tutapima bila wewe. Nikaomba mwenyekiti wa mtaa aje, na nikamtafuta fundi mchundo mmoja (fundi aliyesomea kazi) asiyehusika na kazi yangu wala hataichukua, nikamlipa elfu 50 tu ya kazi hiyo. Tukapima kozi, urefu wa ukuta, tukahesabu tofali na simenti iliyobaki stoo, tukapiga picha za mbali na za karibu na futi kamba ikionekana, vyote vikaandikwa kwenye karatasi, wote wakasaini. Na fundi alikuja! Alipoona meseji imetulia na watu wamealikwa alikuja, akabishana kidogo kuhusu kozi 2, tukarudia kuhesabu, akasaini na yeye. Ikaonekana adivansi imezidi kazi kwa laki 2 na elfu 40, akairudisha kidogo kidogo, hatukufika mahakamani.

Kwa nyongeza za kazi sasa sifanyi maongezi marefu. Fundi akisema kitu kimeongezeka namwambia nitumie WhatsApp kazi gani na shilingi ngapi, najibu nimekubali au sijakubali. Dakika 2 hazifiki. Wapo wanaoona ni kutoaminiana, mi naona ni kumheshimu mtu na jasho lake, maana hata yeye akinidai ana cha kuonyesha.

Mengine kwa haraka. Andika kwenye mkataba nani anawalipa vibarua, maana fundi akipotea watakuja kugonga geti lako na wana njaa kweli. Bakiza asilimia 10 ya ufundi mpaka masika ipite, mvua ya Aprili ndiyo itakuonyesha paa linavuja wapi, ila iandike mwanzoni na yeye akubali, usimshtukize mwishoni. Kama ni kampuni na sio fundi wa mtaani, angalia kama imesajiliwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi na ni daraja la ngapi, yapo 7 kwa majengo. Deni la mkataba lisilozidi milioni 30 Mahakama ya Mwanzo inalipokea, na una miaka 6 ya kudai, kwahiyo hakuna sababu ya kukimbilia kufungua kesi ukiwa na hasira.

Na kama umeshamfukuza wa kwanza na wa pili anaanza kesho asubuhi, mpigie leo umwambie aje keshokutwa. Kesho mtafute mwenyekiti wa mtaa na mtu mwenye futi kamba mwende saiti, na yule uliyemfukuza mtumie meseji usiku huu kwamba mnapima saa ngapi.