Matunzo ya Mtoto wa Staa: Ninavyoona Mimi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza: "Mastaa wakitalikiana kwa ugomvi, je, ni haki watoto watengewe makumi ya maelfu ya dola kila mwezi?" Najua wengi watajibu papo hapo kwamba huo ni ufujaji, kwani mtoto gani anakula dola 60,000 kwa mwezi? Hakuna. Hata hivyo mimi fedha zenyewe hazinitishi. Kinachonikera ni namna zinavyofungwa kamba moja na siku za kukaa na mtoto.

Tuitazame kesi ya mwigizaji wa Marekani Kevin Costner na mkewe Christine Baumgartner, maana hesabu zake zilianikwa hadharani kule California. Mama alifungua kesi ya talaka Mei 2023, wakiwa na watoto watatu. Aliomba matunzo ya dola 248,000 kwa mwezi. Baba akasema anayoona yanatosha ni 51,940. Julai jaji akaamuru zilipwe 129,755 kwa muda, na mwanzoni mwa Septemba, baada ya kusikiliza ushahidi, akashusha hadi 63,209. Watoto ni wale wale, na midomo yao haikupungua kati ya Julai na Septemba.

Siri ni kwamba sheria ya California haianzi kwa kuuliza mtoto anakula nini. Inasema mtoto ana haki ya kuishi kwa kiwango cha maisha cha wazazi wake wote wawili. Kwa hiyo akitoka kwa baba mwenye jumba ufukweni, haitarajiwi afike kwa mama akute chumba na sebule. Ndiyo, na mama naye atalala kwenye nyumba hiyo hiyo nzuri. Sheria inalijua hilo na imelikubali waziwazi. Kwa wenye kipato cha kupindukia, jaji anaruhusiwa kushuka chini ya kiwango cha kawaida akiona kinazidi mahitaji ya watoto. Costner alikuwa na mkataba wa kabla ya ndoa, na ulimsaidia sana, kwani mama alilazimika kuhama nyumba. Lakini mkataba wa namna hiyo hauwezi kugusa matunzo ya watoto. Haki hiyo si mali ya mama wala baba hata waiuze kwa saini. Hapo sina ugomvi na sheria.

Ugomvi wangu uko kwenye kikotoo. California inapiga hesabu ya matunzo kwa mambo mawili makubwa: kipato cha kila mzazi baada ya kodi na makato, na asilimia ya muda ambao mtoto yuko kwa kila mmoja. Mzazi tajiri anayekaa na mtoto asilimia 20 ya muda atalipa zaidi kuliko akikaa naye asilimia 50. Inaonekana haki, kwa sababu mtoto akiwa kwako unamlisha wewe. Ila tazama kinachotokea mahakamani. Baba akisema "nataka kuwaona wanangu zaidi," wakili wa upande wa pili anasikia "anataka kupunguza malipo." Mama akisema "wamezoea kulala kwangu, msiwayumbishe," wakili wa baba anasikia "analinda mshahara wake." Huenda wote wawili wanasema kweli tupu, lakini hakuna atakayewaamini, kwa kuwa kila usiku wa mtoto umeshabandikwa bei. Na kadiri kipato kinavyokuwa kikubwa, ndivyo bei ya usiku mmoja inavyopanda. Ndiyo maana mastaa wanapigana hadi siku ya mwisho ya likizo, wakati wazazi wa kawaida wangeshachoka na kuelewana, kama si kwa upendo basi kwa kukosa ada ya wakili.

Na msidhani anayelipa ni mwanamume tu. Mwaka 2014 mwigizaji Halle Berry aliamriwa kumlipa mpenzi wake wa zamani Gabriel Aubry dola 16,000 kwa mwezi kwa ajili ya binti yao, kiasi kilichokuja kupunguzwa hadi 8,000 mwaka 2021. Mwimbaji Kelly Clarkson aliamriwa kutoa 45,601 kwa mwezi kwa watoto wawili. Nao walikutana na kikotoo kile kile.

Halafu kuna kamera. Januari 2008, siku ambayo mwimbaji Britney Spears alitakiwa kuwarudisha wanawe kwa mumewe wa zamani, Kevin Federline, baada ya muda wake kwisha, makabidhiano yalikwama. Polisi wakaja, saa zikapita, helikopta za televisheni zikawa zinazunguka juu ya nyumba, na mwisho mama akatolewa kwa gari la wagonjwa huku taa za wapiga picha zikimulika vioo. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka miwili, mdogo mmoja. Kesho yake mahakama ikasimamisha haki yake ya kuwaona. Sitaki kuamua nani alikuwa na kosa. Nasema tu kwamba hapo hakuna kiasi cha matunzo kilichoweza kuwafidia watoto wale.

Niliyoona mabaya kuliko yote ni ya waigizaji Angelina Jolie na Brad Pitt. Talaka iliombwa Septemba 2016, mtoto wa kwanza akiwa na miaka 15 na mapacha wa mwisho miaka 8. Walimlipa jaji mstaafu awasikilize faraghani, jambo ambalo California inaruhusu, na huyo ndiye aliyewafungisha ndoa mwaka 2014! Mei 2021 akampa baba muda zaidi na watoto. Julai mahakama ya rufaa ikamwondoa kwenye kesi kwa kutoeleza ipasavyo uhusiano wake wa kikazi na mawakili wa Pitt, na uamuzi wake ukaanguka naye. Talaka ilikamilika 30 Desemba 2024. Wanne kati ya watoto sita walikuwa wameshavuka miaka 18, hivyo hawakuwa na malezi ya kugombaniwa tena. Mapacha walikuwa na 16.

Lakini wazazi wenyewe walitangazwa kuwa hawana ndoa tangu Aprili 2019, mali na malezi vikiwa bado mezani. Maana yake mahakama inajua kutenganisha mambo ikitaka. Basi itenganishe na hili: malezi yaamuliwe kwanza, ndani ya mwaka mmoja, na hesabu ya matunzo isipande wala kushuka kwa sababu ya siku mbili tatu za nyongeza. Mengine wagombanie wapendavyo. Kesi ya Miraval, shamba la mizabibu walilokuwa wakilimiliki pamoja, iliyoanza 2022, inaweza kwenda hata miaka kumi. Shamba halitimizi miaka 18.