Kabla ya kuuliza bei ya chumba Paje, hesabu mwezi

Likizo ikikaribia, ujumbe huanza kumiminika: "Dada, nitajie hoteli ya bei nafuu Zanzibar, iwe ufukweni kabisa." Swali langu la kwanza huwa moja: unakwenda tarehe ngapi? Wengi hudhani nauliza kwa sababu ya bei za msimu. Msimu una nafasi yake, tutaufikia. Mimi nauliza kwa sababu ya maji.

Chumba cha bei ya chini huko pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, mara nyingi hakina bwawa la kuogelea, hakina bustani ya kushinda, na kitanda chake ni kitanda tu. Unachokilipia pale ni bahari. Na bahari ya upande ule ina saa zake za kuwapo na saa zake za kutokuwapo. Mwenye pesa ya hoteli kubwa akikuta maji yameondoka, ataingia bwawani. Wewe na mimi tutabaki tukitazama mchanga. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo ndiye anayepaswa kuijua ratiba ya bahari zaidi ya wote, na bahati nzuri ratiba hiyo haina ada.

Upande wa mashariki mwamba wa matumbawe uko mbali na nchi kavu, na kati yake na ufukwe kuna eneo pana, tambarare, lenye kina kifupi. Maji yakipwa, eneo lote lile hubaki wazi. Paje na Jambiani unaweza kutembea kilomita nzima hujafika yalipo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Hiyo ndiyo sababu mtu mmoja anarudi akisema "Paje ni peponi" na mwingine anarudi akisema "Paje hakuna bahari". Wote wawili wamelala hoteli ileile, wiki tofauti.

Wavuvi wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu, nawe unaweza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: bahari haipandi sana wala haiendi mbali. Na kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Siku za bamvua Unguja, maji huwa yamejaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na yamepwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, hesabu hugeuka: yanajaa mnamo saa nne na kupwa mnamo saa kumi. Kwa dakika kamili tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la Zanzibar kwenye intaneti, lakini kwa kupanga tarehe hesabu hiyo ya mwezi inatosha.

Sasa ichukue hesabu hiyo uiweke kwenye sikukuu zetu. Idd el Fitr ni siku ya kwanza ya Shawwal, mwezi ndio kwanza umeandama, maana yake haiepuki bamvua. Ukienda pwani ya mashariki kula Idd, tarajia kuamka, kunywa chai, kuvaa nguo za kuogelea, kisha kukuta maji yamekwenda zao. Yatarudi jioni, na jioni hiyo itakuwa nzuri kweli. Idd el Hajj ni siku ya kumi ya Dhulhija, karibu na maji mafu, kwa hiyo bahari haiendi mbali sana. Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu kwa siku zisizozidi wiki, kwa hiyo kuna miaka Ijumaa Kuu ni bamvua tupu na kuna miaka mambo yamekwishatulia. Tazama mwezi wa mwaka huo, usimwulize mtu aliyekwenda mwaka jana.

Sisemi bamvua ni mbaya. Ninapokwenda na watoto huitafuta. Maji yakipwa saa nne asubuhi, vidimbwi vinabaki na maji ya uvuguvugu, kuna kaa, kuna viti vya pweza vya rangi ya machungwa (waache walipo, wakitolewa majini wanakufa), na mtoto asiyejua kuogelea anacheza bila mama yake kukaa roho juu. Ndipo pia utakapowaona akina mama wa mwani wakiwa kazini kwenye kamba na vijiti vyao. Kilimo hicho kilianza upande huu mwaka 1989, na Paje ilikuwamo tangu mwanzo. Yale ni mashamba ya watu. Usipite juu ya kamba, na ukitaka kupiga picha, salimia kwanza na uombe ruhusa. Kwa miguu, vaa yeboyebo au raba kuukuu. Ndala zinachomoka kwenye tope, na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye mawe hawana msamaha. La kuangalia zaidi ni kurudi: maji yakianza kujaa hupita kwenye mikondo ya chini yakakuzunguka nyuma huku mbele bado pakavu. Ukiona akina mama wanafunga vitu vyao, nawe geuka.

Kama unachotaka ni kuogelea saa yoyote na hutaki habari za mwezi, nenda kaskazini, Nungwi au Kendwa. Kule maji hayaendi mbali. Utalipa zaidi kwa chumba cha hadhi ileile, na usiku una muziki. Binafsi, kwa bajeti ndogo, bado nachagua Jambiani: kijiji kimerefuka kando ya bahari, nyumba za wageni za wenyeji ni nyingi, na unaweza kula bila kuingia hotelini.

Kuhusu majira, nitasema kwa ufupi. Masika, hasa Aprili na Mei, bei hushuka kuliko wakati wowote na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Mvua inaweza kunyesha siku tatu mfululizo, na inaweza pia kukuachia asubuhi safi. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kusi, hewa ya baridi kidogo, upepo mwingi, na Julai na Agosti wageni wa Ulaya hujaa na bei hupanda. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto kali, na wiki ya Krismasi na mwaka mpya ndiyo ghali kuliko zote. Paje kusi na kaskazi zote mbili huwaleta watu wa kuteleza majini kwa tiara, kwa hiyo upepo ukiwa mzuri kwao, wewe wa kuogelea utagawana nao maji. Wakati ninaoupendelea ni mwanzoni mwa Juni na sehemu ya Oktoba, kabla vuli haijakaza. Ramadhani nayo ina utulivu na bei nzuri, ila mchana migahawa ya vijijini hufungwa na kula au kunywa hadharani ni kuwakosea adabu wenyeji. Uliza mapema kama hoteli inapika mchana.

Ukishapata tarehe, ndipo utafute chumba. Mitandao ya kuhifadhi vyumba ni mizuri kwa kutazama picha na kusoma malalamiko. Soma malalamiko, achana na sifa, na usome yale ya mwezi kama utakaokwenda. Kisha piga simu au tuma ujumbe hotelini moja kwa moja. Mitandao hukata kamisheni kwa mwenye hoteli, na mwenye nyumba ndogo atafurahi kukupunguzia kuliko kumpelekea mtu wa mbali. Ujumbe wangu huwa hivi:

"Habari za kazi. Natafuta chumba cha watu wawili, usiku wa tarehe fulani hadi fulani. Sisi ni Watanzania, naomba bei ya wakazi. Bei hiyo ina chai ya asubuhi na kodi zote ndani? Maji ya kuogea ni matamu au ya chumvi? Umeme ukikatika mnawasha jenereta? Naomba video fupi ya chumba chenyewe, ukianzia mlangoni hadi bahari inapoonekana."

Hiyo video ndiyo kiini. Neno "ufukweni" limebeba mengi. Kuna ufukweni ya kufungua mlango ukakanyaga mchanga, na kuna ufukweni ya kuvuka barabara, kupita uchochoro na kukatiza kiwanja cha hoteli nyingine ambayo askari wake atakuuliza unakwenda wapi. Mtu akitembea na simu yake kutoka chumbani hadi kwenye maji, hakuna cha kuficha. Akikataa kwa visingizio, umepata jibu.

Maji ya chumvi siyo kasoro ya kuikimbia. Visima vingi vya pwani ni hivyo, sabuni haitoi povu, nywele zinakakamaa, basi. Ila ujue mapema ili ubebe mafuta ya kutosha. Kodi uziulize kwa sababu Zanzibar kuna ushuru wa miundombinu unaotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na hoteli nyingine huutaja siku ya kuondoka tu. Uliza pia neti, maana mbu wa jioni hawajali kwamba uko likizo. Kiyoyozi sikitafuti: wakati wa kusi dirisha linalotazama bahari linatosha, na wakati wa kaskazi feni nzuri juu ya kitanda inavumilika. Paa la makuti ni zuri kwa joto, lakini masika uliza limeezekwa lini. Usiku ukisikia mbio juu yake na kilio kama cha mtoto mchanga, ni komba. Mimi nawapenda. Mwenzangu hawapendi.

Wanandoa wenye majina tofauti kwenye vitambulisho, na wasio wanandoa, waulize kabla. Baadhi ya nyumba za wageni zinazoendeshwa na familia vijijini hazipokei wasiooana, na nyingi haziuzi pombe wala hazitaki iletwe. Ni nyumba yao. Heri ujue kwa simu kuliko kujulishwa mapokezi saa tatu usiku ukiwa na mabegi. Na kanga au shati la kujifunika ukitoka ufukweni kuingia kijijini halina mjadala, hata kama unaowaona mbele yako wamevaa vingine.

Pesa nyingi hupotelea njiani, si chumbani. Tuseme umeokoa shilingi 20,000 kwa usiku kwa kuchagua hoteli ya mbali na barabara. Ukifika Unguja kwa boti ya jioni, daladala zimepungua au zimekwisha, na teksi ya kutoka mjini hadi pwani ya mashariki itakula akiba ya siku zote. Panda boti ya asubuhi kutoka Dar. Safari ni kama saa mbili. Beba kitambulisho chako cha taifa, kwa sababu nauli ya Mtanzania na ya mgeni hazifanani. Wakati wa kusi mkondo hucharuka, hivyo kaa chini na nyuma ya boti, na usile chapati za mafuta kabla. Bandarini mapapasi, yaani madalali wa kuwinda wageni, watakupokea kwa bashasha zote. Jibu salamu, sema una mwenyeji, endelea kutembea. Daladala namba 309 inakwenda Jambiani kupitia Paje, namba 116 Nungwi. Waulize wafanyakazi wa bandari, si mapapasi, zinapandiwa wapi siku hizo. Ni safari ya kama saa moja na nusu, wakati mwingine zaidi, pamoja na magunia na samaki wa watu. Toa pesa taslimu mjini kabla ya kupanda. Mawakala wa pesa za simu wapo vijijini, lakini ikifika Jumapili ya sikukuu usishangae kuambiwa hawana.

Chakula nacho. Hoteli za ufukweni, hata za bei ya chini, huuza samaki kwa bei ya mgeni. Tembea dakika tano kuelekea barabarani. Asubuhi utapata chapati, maharage ya nazi na chai ya tangawizi. Jioni kuna mihogo, mishikaki, pweza, na urojo kwa anayeujua. Kama hoteli inakubali, nunua samaki kwa wavuvi wanaporudi na uwaombe jikoni wakupikie kwa malipo kidogo. Hili liombe tangu kwenye simu, kwa upole, na umwulize mpishi mwenyewe mkifika: "Mama, nikileta changu utaniwekea nazi?" Mara chache nimenyimwa.

Siku ya kuondoka, vyumba vingi hutakiwa kurudishwa saa nne. Ikiwa ni bamvua, hukosi kitu, saa hiyo bahari haipo. Ikiwa ni maji mafu, ndiyo saa nzuri kuliko zote, kwa hiyo waombe wakutunzie mabegi, uogelee, kisha ukanawie chumvi kwenye bomba la nje. Ila tiketi ya boti uikate ya alasiri, si ya saa sita: daladala ya kurudi mjini husimama kila penye mtu, na dereva hana habari na boti yako.