Maswali ya Wasomaji: Krismasi ya Mwalimu Mgeni Uchina

Nafundisha Kiswahili chuo kikuu hapa Beijing, na huu ni mwaka wangu wa kwanza. Siku ya Krismasi nina vipindi vinne. Niombeje ruhusa bila kuonekana mkorofi?

Mwalimu, Krismasi si sikukuu ya serikali Uchina. Tarehe 25 Desemba benki, ofisi na madarasa viko kazini kama kawaida. Mapumziko ya kitaifa yaliyo karibu ni Januari mosi, na likizo ndefu ni ya Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari.

Anza na mkataba wako. Mikataba kadhaa ya walimu wa kigeni ina kifungu kinachokupa siku hiyo. Kikiwapo, unatoa taarifa tu. Kisipokuwapo, usiombe siku, omba kufidia vipindi. Andika tarehe mbili tatu unazopendekeza, saa na darasa. Ombi la namna hiyo hupita upesi kuliko barua ndefu ya kueleza uzito wa Krismasi kwetu. Lipeleke Novemba, kwa sababu ikifika katikati ya Desemba ratiba ya mitihani imeshapangwa na vyumba vimeshikwa. Na "sawa" ya mdomo haitoshi. Uliyezungumza naye akihamishwa au akisahau, wewe ndiye utakayeonekana mtoro. Mwandikie ujumbe wa WeChat mhusika wa *waiban*, ofisi ya wageni, ili ubaki na jibu. Kusingizia ugonjwa hakusaidii, maana utadaiwa cheti cha hospitali.

Wanafunzi wananiletea matufaha yaliyofungwa kwa karatasi za rangi. Nifanye nini nayo? Na je, naweza kufundisha kuhusu Krismasi?

Pokea, shukuru, ule. Mkesha wa Krismasi kwa Kichina ni *Ping'an ye*, usiku wa amani, na tufaha ni *pingguo*. Sauti zimegongana, desturi ikazaliwa. Hudaiwi kurudisha kitu. Ukitaka kurudisha, peremende zinatosha, ila usimpe mtu saa ya ukutani, kwani kwa Kichina "kutoa saa" husikika sawa na kumsindikiza mtu kaburini.

Kuhusu somo, uliza kwanza, kwa kuwa zipo shule zisizotaka hata pambo mlangoni. Ukiruhusiwa, baki kwenye desturi na msamiati: vyakula, salamu, safari za kwenda kijijini. Usihubiri, usigawe vitabu vya dini, usiwaalike wanafunzi kwenye ibada. Sheria inamkataza mgeni kutafuta waumini miongoni mwa raia wa Uchina, na kosa hilo linaweza kukugharimu kibali cha kazi.

Nitapata misa wapi?

Kwa Mkatoliki aliye Beijing, kanisa la Mtakatifu Yosefu liko barabara ya Wangfujing, na Nantang liko Xuanwumen. Guangzhou kuna kanisa kuu la mawe la Moyo Mtakatifu. Shanghai kuna la Xujiahui. Saa za ibada zisome kwenye tangazo la kanisa wiki ile ile. Mkesha huwa na umati mkubwa, wengi wao watazamaji, na baadhi ya makanisa hutoa tiketi za bure siku chache kabla. Bebeni pasipoti yenyewe, si nakala. Jumuiya za ibada za wageni huikagua mlangoni.

Nyumbani hawanipati kwa WhatsApp.

Imefungwa Uchina. Wafungulieni ndugu zenu WeChat mapema, kwani akaunti mpya mara nyingi hudai mtumiaji wa zamani aithibitishe, na hilo halifanyiki kwa dakika tano za siku ya sikukuu. Beijing iko saa tano mbele ya Afrika Mashariki: familia ikikaa kula saa saba mchana, kwako ni saa kumi na mbili jioni, vipindi vimekwisha.

Pilau langu hugeuka bokoboko. Nakosea wapi?

Kwenye mchele. Ule wa kaskazini mashariki mwa Uchina, unaojaa madukani, una punje fupi na hunata. Agiza basmati mtandaoni. Mwonyeshe muuzaji maandishi haya: 印度香米. Kwa watu sita, roweka vikombe vinne kwa dakika 30, uchuje, upike kwa supu na maji jumla ya vikombe sita. Ukikosa basmati, mchele mrefu wa Thailand utafaa, lakini usiuroweke, na upunguze maji yawe kikombe kimoja na robo kwa kila kikombe.

Viungo vipo vyote. Bizari nyembamba ni *ziran*, karafuu *dingxiang*, mdalasini *guipi*, pilipili manga *hei hujiao*. Iliki ndiyo huwapoteza wengi. Unataka *xiao doukou*, ile ya kijani. *Bai doukou* ni nyeupe na ya mviringo, nayo *caoguo* ni kubwa, ya kahawia, yenye harufu ya moshi. Tembe mbili tu za hiyo na sufuria nzima imeharibika.

Nyama nayo ina mtego: *yangrou* ni kondoo na mbuzi pia, na Beijing utapewa kondoo. Taja *shanyang* ukitaka mbuzi. Kwa wali wa nazi tafuta kopo la *yejiang*. *Yezhi* ni kinywaji cha sukari, na makopo yao yanaweza kukaa rafu moja.

Nyumba nyingi hazina oveni, kwa hiyo kuku wa kuoka mwache. Na wanaoishi bweni la chuo waulize kwanza wati zinazoruhusiwa: jiko la umeme na kifaa cha kupasha chumba vikiwashwa pamoja, umeme hukatika, na pilau hubaki nusu mbichi.