Barua kwa mwanangu: Pima kwanza, ndipo ufungue injini

Ipagala, Dodoma

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, na asubuhi nikamsomea baba yako, ila pale ulipotaja mnunuzi nilipita kimya kimya. Umeniuliza jambo moja: hiyo Celica umuuzie huyo bwana wa hapo Manyoni anayeililia, au umruhusu fundi afungue injini, maana anasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imekufa na ndiyo sababu gari linachemka kila ukipanda mlima wa Sukamahela.

Nitakujibu. Lakini niambie kwanza, nani kapima?

Katika ujumbe wote ule sikuona kipimo hata kimoja. Fundi anasema, jirani anasema, dereva wa Noah anasema. Pima kwanza, mwanangu. Neno hili umelisikia tangu ulipokuwa unanishikia tochi uwanjani, na bado sijapata sababu ya kuliacha.

Hapa Dodoma tuko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na huko mliko ni juu zaidi. Maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama kwa shangazi yako Tanga. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta. Utazame juu, umeandikwa 0.9. Hiyo ndiyo presha unayoibana, na spring yake na mpira wake vikiwa vizima, maji yanavuka nyuzi 110 yakiwa yametulia. Mpira ukishakakamaa na kupasuka, maji yanachemka mapema, yanakimbilia kwenye chupa ya akiba, mvuke unatoka, na mtu mwenye haraka anatangaza kifo cha gasketi. Umeuangalia mfuniko? Hukuniambia.

Halafu linachemka lini hasa? Hili ndilo swali nililotaka uniulize, kuliko hilo la kuuza. Likiwa kwenye tambarare ya Bahi, unakimbia themanini, mshale umetulia katikati. Ukifika mlimani nyuma ya lori, gia ya pili, mshale unapanda. Ni hivyo? Kama ni hivyo, kukimbia kunalipoza na kutambaa kunalichemsha, na tofauti ya kukimbia na kutambaa ni upepo unaopita kwenye rejeta. Gari likitambaa, upepo huo unaletwa na feni peke yake. Kama linachemka hata kwenye tambarare ukikanyaga mafuta, hapo nitafikiria rejeta iliyoziba au pampu ya maji. Na kama linachemka dakika chache tu baada ya kuliwasha asubuhi, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kabla injini haijapata joto, hapo ndipo nitakaa kumsikiliza fundi wako.

Ninayasema haya nikiwa na kidonda cha mlima huohuo. Ulikuwa mdogo, ulilala kiti cha nyuma, labda unakumbuka vumbi tu. Ilikuwa kabla ya lami. Baba yako hakuwa na habari na barabara. Tangu Ian Duncan wa Kenya aliposhinda Safari Rally mwaka 1994 kwa Celica, akiwafuata Sainz wa 1992 na Kankkunen wa 1993, kwake hapakuwa na gari jingine duniani. Hii yetu haina tabo wala haivuti kwa magurudumu manne, lakini taa zake zinainuka kutoka kwenye boneti, na hilo lilimtosha. Ikachemka Sukamahela. Tukakaa chini ya mbuyu mpaka ikapoa, tukarudi Dodoma polepole, na baba yako akaipeleka kwa fundi mmoja ambaye jina lake halitaandikwa kwenye barua yangu.

Nilikwenda naye. Nikamweleza yule fundi kama ninavyokueleza wewe: likikimbia linapoa, likitambaa linachemka, naomba utazame feni. Hakunitazama. Alimgeukia baba yako akasema, "Mzee, hii ni gasketi. Mama apumzike nyumbani, tutampigia." Miaka kumi na mingapi nimefundisha fizikia, nimewaeleza watoto wa watu joto linavyosafiri kwenye chuma, kwenye maji na kwenye hewa, halafu nikaambiwa nikapumzike! Na baba yako akanyamaza. Namwandika hivi naye ameketi hapa barazani, ananiona, na anajua ninaandika nini.

Wakafungua injini. Hedi ikapelekwa kuchongwa. Gasketi mpya, pampu mpya, boliti mpya, na thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, wakaitoa wakaitupa kabisa, eti huku kwetu kuna joto haihitajiki. Fedha ile ilikuwa ya bati za jiko, ndiyo maana unakumbuka tulipikia nje masika mazima. Baada ya hapo gari lilikuwa baridi kupita kiasi asubuhi za Julai, likinywa petroli, plagi nyeusi kwa masizi, kwa sababu kompyuta ya injini ilidhani bado haijapata joto na ikawa inaongeza mafuta. Na safari iliyofuata likachemka palepale, Sukamahela.

Basi nikaazima multimita, kile kipimo cha umeme, maabara. Jumapili, baba yako yuko kanisani, nikainua boneti. Nikaiacha injini ikapata joto mpaka feni ikaanza kuzunguka, na ilizunguka, hilo ndilo lililowapoteza wote. Waliiona inazunguka wakaridhika. Mimi niliisikia inazunguka kivivu. Nikaweka ncha nyekundu kwenye waya wa arthi wa feni, nyeusi kwenye hasi ya betri. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri, haifai kuzidi 0.2. Palisoma karibu volti nne! Umeme uliotakiwa kuzungusha feni ulikuwa unaishia kwenye kutu. Nikaufuata ule waya mpaka unapofungwa kwenye bodi, chini ya betri, mahali asidi ilipokuwa inadondokea. Boliti ya spana namba kumi. Ilipotoka ilikuwa na unga wa kijani na mweupe, na chuma chini yake kimekuwa cheusi. Nikapiga msasa mpaka kikang'aa, nikapiga msasa kichwa cha waya, nikapaka grisi, nikafunga. Nilipowasha tena, feni ilivuma mpaka kuku wakakimbia.

Baba yako aliporudi alisimama mlangoni na Biblia mkononi, akaisikiliza. Hakusema neno. Lakini tangu siku ile boksi la spana likahamia upande wangu wa stoo, na kwa wageni akawa anasimulia jinsi sisi wawili tulivyoligundua tatizo. Sikumsahihisha hata siku moja.

Tena nikuambie, mwanangu, kwa kuwa wewe nawe ni mwanamke na utaambiwa ukapumzike: ukiwa na namba mkononi, bishana. Bila namba usibishane, utachoka bure. Pima kwanza.

Sasa fanya hivi, asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Usiguse mfuniko wa rejeta gari likiwa la moto, hata ukiwa na kitenge mara tatu. Presha ile inayozuia maji yasichemke ikiachiwa ghafla, yote yanachemka usoni mwako. Fungua kifuniko cha oili utazame upande wa ndani: ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Tazama kijiti cha oili vilevile. Kisha fungua mfuniko wa rejeta, washa, acha injini itulie. Mapovu yakiendelea kutoka bila kukoma, na maji yanapungua siku hadi siku bila kuvuja chini, basi fundi ana hoja na nitamwomba radhi moyoni. Usipoyaona, hana.

Feni utaijaribu hivi: tafuta swichi ya joto ya feni, karibu na bomba la maji, uchomoe plagi yake ya waya ukiwa umefungua swichi ya gari. Kwenye Toyota za umri huo, plagi ikiwa nje feni inatakiwa ianze kuzunguka yenyewe. Isipozunguka, anza na fyuzi na rilei. Ikizunguka kivivu, unajua boliti iko wapi.

Kuna kisanduku kidogo karibu na injini kimeandikwa ndani ya kifuniko TE1 na E1. Unganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa sawasawa bila kituo, kompyuta haina lalamiko. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Hesabu uandike, usitegemee kichwa.

Na thamostati, uliza kama bado imo, maana niliirudisha mimi na sijui mafundi wa huko wameifanya nini. Kama imo, itoe uichemshe kwenye sufuria uione kwa macho yako. Inatakiwa ianze kufunguka kwenye nyuzi 82. Usijaze rejeta maji ya bomba. Maji yetu ya visima ya Makutupora unajua yanavyoiacha birika na magadi, na hayo ya kwenu sidhani kama ni bora. Nunua kulanti, au kwa dharura maji ya mvua.

Umeniuliza kuuza. Nimelizunguka, najua. Injini si tatizo, ni ya ukoo wa 3S, ndugu wa ile ya Ipsum na RAV4 za kwanza, na fundi yeyote wa Ipsum ana pa kuanzia. Vitu vya bodi ndivyo vigumu. Mota ya taa ya kushoto tuliitafuta mpaka tukakata tamaa kabla haijapatikana. Gari liko chini, matuta yameongezeka, na wewe una watoto wawili na viti vya nyuma havimtoshi hata mmoja atakapovunja ungo. Ningekuwa mtu baki ningekwambia uza. Lakini nikisema uza, baba yako goti lake haliwezi klachi tena, na kila ukija anaomba akae tu kwenye kiti cha dereva. Na nikisema usiuze, nitakuwa nakutwika mzigo wake. Neno liko kwenye ncha ya ulimi na ninalimeza, kwa sababu kadi ina jina lako.

Hili moja sitalimeza. Usiuze gari likiwa linachemka. Huyo mnunuzi, ni nani kwa huyo fundi? Uliza. Mtu anayetaka gari lenye injini mbovu kwa hamu hiyo huenda kapima kabla yako.

Multimita yangu nimemkabidhi mdogo wako, anapita hapo Ijumaa na basi la Singida. Ikishafika, Jumamosi nipigie kabla hujawasha injini, nikusomee hatua moja moja. Usimpigie baba yako.

Mama yako