Wanafunzi wanacheza na mzinga tu, nifanyeje?

Swali: Mwalimu shikamoo. Nafundisha fizikia kidato cha tano, darasa lina vijana 52 na kompyuta zinazowaka ni nane. Topiki ya projektaili (kitu kinachorushwa hewani) nimetumia ile simulesheni ya mzinga wa kufyatulia ya PhET, zile programu za bure za kujifunzia sayansi kwenye kompyuta, wakafurahi kweli, ila kwenye test nusu yao wameandika eti mpira ukifika juu kabisa velositi yake ni sifuri. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba mwalimu. Hujakosea sana, mimi mara ya kwanza kuitumia nilipoteza vipindi viwili vizima, vijana wanafyatua piano, wanafyatua gari, wanamfyatua yule mtu, vicheko mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani, halafu nikiuliza mmeona nini, kimya.

Shida ni kwamba wanafyatua kabla hawajasema wanategemea nini. Siku hizi hakuna anayegusa mausi mpaka awe amechora kwenye daftari, kwa peni sio penseli maana penseli wanafuta wakishaona jibu. Weka spidi 15 m/s, pembe nyuzi 60, waambie wachore mishale ya velositi na mchapuko (jinsi velositi inavyobadilika kila sekunde) pale kileleni. Utaona vituko. Ndio sasa washa mishale ya komponenti (sehemu ya wima na ya mlalo ya velositi), fyatua kwa mwendo wa polepole, simamisha juu kabisa. Mshale wa wima umepotea lakini ule wa mlalo upo palepale, 7.5 m/s, na mchapuko bado unaangalia chini 9.8 m/s² kama kawaida. Usiwape jibu, waache wabishane kwanza.

Na hili kosa lina chanzo chake, hawajalitoa hewani. Huko nyuma walisoma mpira unaorushwa wima, pale kweli juu kabisa ni sifuri, wakabeba hivyohivyo. Kwa hiyo wapandishe pembe pole pole: kwa nyuzi 60 mshale wa mlalo ni 7.5, 75 inabaki kama 3.9, 85 ni 1.3 hivi, 90 ndio sifuri. Wakiona namba zinashuka wenyewe wanasema kumbe ile ya zamani ni kesi moja tu ya hii.

Zoezi jingine ninalolipenda kuliko yote, pandisha mzinga mpaka mita 10, pembe sifuri, fyatua kwa 5 m/s, kisha 10, kisha 15. Uliza kwanza, upi utachelewa kutua? Karibu wote watasema wa 15 maana unaenda mbali. Umbali unatoka mita 7.1, 14.3, 21.4 ila muda ni uleule sekunde 1.43 zote tatu. Hapo ndipo fomula inapoanza kuwaingia, sio kabla. Wale wenye vichwa vyepesi wape kazi ya kutafuta pembe inayofika mbali zaidi kutoka hapo juu kwa 15, watakukimbilia na 45 waliyokariri, kumbe ni kama 36, unapata mita 31.4 badala ya 30.5.

Ukinzani wa hewa usiuwashe siku ya kwanza jamani. Ukiwashwa mapema, boga na piano vinaanza kutua sehemu tofauti, wanaondoka na ile imani kwamba kizito ndio kinawahi chini.

Kompyuta nane zinatosha, watu sita au saba kwa kila moja, mmoja anashika mausi na habadilishi kitu mpaka kundi limeandika. Intaneti isikusumbue, lile ni faili moja la HTML unalidaunilodi bure, unaweka kwenye flashi na linafunguka kwenye brauza ofulaini.

Umeme ukikatika katikati ya kipindi (na utakatika tu) chukua sarafu mbili ukingoni mwa meza, moja iangushe, nyingine ipige kidole iruke mbele wakati huohuo, waambie wafumbe macho wasikilize sakafuni: ni mlio mmoja au miwili?