Kabla hamjaifunga, niambieni nani yuko zamu

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama hospitali ndogo za vijijini zifungwe, fedha zake ziende hospitali kubwa zenye mabingwa. Mimi nauliza jingine: saa nane za usiku, mzazi akitokwa na damu, nani yuko karibu naye?

Shemeji yangu alijifungua katika hospitali yetu ndogo. Mtoto akalia, kondo la nyuma likatoka lote, tukashukuru. Damu ikagoma kukata. Zamuni alikuwepo mkunga mmoja tu; daktari ilibidi aitwe kutoka nyumbani. Umeme ulikuwa umekatika na jenereta imegoma, kwa hiyo mhudumu wa usafi ndiye aliyeshika tochi. Mkunga akaukanda mfuko wa uzazi mpaka jasho likamdondoka kidevuni, huku akimwambia shemeji, “Mama, niangalie mimi, usilale.” Sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ilikuwa kwenye friji ya sola. Bila friji ile sijui ingekuwaje, maana dawa hiyo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, ikipata joto inapungua nguvu. Daktari akaingia na viatu vya nyumbani, akaongeza asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, ambayo lazima itolewe ndani ya saa 3 baada ya kujifungua. Mimi nilikuwa mlangoni na shuka zilizolowa. Hatimaye mkunga akasema, “Umekaza,” na bado hakuutoa mkono.

Kutokwa na damu baada ya kujifungua kunaongoza kwa kuua wazazi duniani, na kunaweza kuua ndani ya saa 2. Kutoka kwetu hadi mjini ni zaidi ya hapo. Na sijawataja wa kisukari na presha wanaofuata dawa kila mwezi.

Lakini kadiri ninavyoandika, linanijia jambo la pili. Mfuko usingekaza, angehitaji damu na upasuaji. Damu haikuwepo. Chumba cha upasuaji kipo, mtaalamu wa usingizi hakuna. Kwa hiyo hospitali ibaki, ila chumba kile kifungwe, fedha zake zinunue friji ya damu na ziongeze mkunga wa pili usiku. Wa kupasuliwa wapelekwe mjini mapema.

Nasema hivyo kwa sharti kwamba gari la wagonjwa liwepo kwanza, na mafuta, na dereva anayelala palepale. Mkifunga leo na gari mkaliahidi kesho, basi chumba kile kiacheni kama kilivyo.