Mwanafunzi wa piano Gredi ya 5 asikilize rekodi zipi?

Mwalimu, umesema mwanafunzi wako wa hapo Kampala yuko Gredi ya 5 na unataka rekodi moja nzuri ya kumpa. Usimpe moja. Rekodi moja humfanya kasuku. Mpe mbili zinazopingana, za kipande kilekile.

Anza na Invensheni ya 1 ya Bach, C meja, kipande kifupi cha sauti mbili, moja kwa kila mkono. Ina baa (vipimo vya mapigo) 22 tu. Mtafutie rekodi ya mpiga piano Glenn Gould na ya mwenzake András Schiff. Mara ya kwanza afuate nota za mkono wa kulia kwa kidole, mara ya pili za kushoto, mara ya tatu atie alama kwa penseli pale nota zinapounganishwa na pale zinapokatwa. Kisha aimbe mkono wa kushoto peke yake. Akishindwa kuuimba, bado hajausikia, asiguse kinanda.

Akizoea, mpe Aria inayofungua Variesheni za Goldberg za Bach, katika rekodi mbili za Gould yuleyule: ya 1955 haifiki dakika 2, ya 1981 inapita 3. Usilinganishe urefu wa kazi nzima (kama dakika 38 kwa 51), maana mwaka 1955 hakurudia sehemu yoyote, na 1981 alirudia baadhi.

Kwenye Chopin ndiko wengi huharibikiwa. Nokturni (kipande cha utulivu wa usiku) Op. 9 Na. 2, mpiga piano Rubinstein aliirekodi zaidi ya mara moja. Mwanafunzi huiga kule kuchelewachelewa kwa mkono wa kulia, asisikie kwamba wa kushoto unatembea kwa mwendo uleule. Apige makofi 12 kila baa huku rekodi ikicheza, ndipo atajua muda uliokopwa kwa kuchelewa unalipwa wapi. Spika ya simu humeza besi, kwa hiyo atumie visikilizio, hata vya bei ya chini.

Cortot, mpiga piano wa enzi za santuri, msimkwepe kwa sababu ya nota alizokosea. Enzi za santuri, kabla ya tepu, hapakuwa na kukata na kuunga. Upande mmoja ulibeba kama dakika 4, ukikosea unarudia wote au unauacha. Sikilizeni anavyoijenga sentensi ya muziki. Ila santuri ikinakiliwa kwa kasi isiyo sahihi, sauti huhama: kosa la asilimia 6 ni nusu toni nzima. Msikimbilie kulaumu piano yenu.

Pedali isiigwe kabisa. Mwangwi mnaousikia mara nyingi ni wa ukumbi, si wa mguu. Akiutafuta kwa mguu, atapata uji wa sauti.

Kuhusu bando: pakua sauti tupu, achana na video. Kwa kiwango cha 128 kbps, dakika moja ni kama MB 1. Audacity, programu ya kompyuta, ni ya bure na inapunguza kasi bila kufanya nota zishuke. Asilimia 75 ya kasi ya kawaida inatosha.

Wiki mbili kabla ya mtihani aache rekodi zote. Ajirekodi kwa simu, na asikilize hiyo tu.